Mwaka Tuliomfundisha Nakijwa Kulala

Siku tuliyomzika mume wangu, shemeji yangu alisimama kando ya jeneza akiwa na karatasi zake mbili, akasoma historia ya marehemu. Alisoma vizuri, sikatai. Alisema marehemu alikuwa mcha Mungu, mpenda watu, mmoja wa walioanzisha kwaya, na dresa aliyetibu vidonda vya nusu ya wilaya. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nimejifunika khanga, wanawake wawili wamenishika mabega kama ilivyo kawaida ya wajane. Halafu akafika mahali palipoandikwa kwamba zaidi ya yote, marehemu ndiye aliyewafundisha akina mama wa Same namna ya kuwazoesha watoto wao kulala kwa upole, bila kuwaacha walie. Watu wakaguna kwa kukubali. Mimi nikafunua khanga nikamkazia macho yule shemeji mpaka akapoteza mstari aliokuwa anausoma. Walionishika wakadhani naanguka, wakanibana zaidi, mmoja akanikimbilia na kikombe cha maji. Sikuwa naanguka. Nilikuwa na hasira, na ilikuwa hasira ileile niliyoipata nikiwa na miaka kumi na tisa, haijapungua hata kidogo. Nimejaribu kuiacha. Mchungaji ameniombea mara mbili. Sasa nimeamua kuiandika hapa, maana nikienda nayo kaburini nitamkuta mwenyewe amelala kule, na ugomvi utaanza upya.

Tulikuwa tukiishi Same mjini, kama ule ulikuwa mji. Palikuwa na boma lenye bendera ya Mwingereza, stesheni ya reli, maduka machache ya Wahindi, na upepo. Ukifagia asubuhi, saa nne vumbi limerudi mahali pake limekaa. Kota yetu ilikuwa na vyumba viwili, cha mbele na cha kulala, na bati lake mchana lilikuwa likilia kwa joto. Mimi nimekulia Chome, ambako ukungu wa mlima Shengena unaingia mpaka jikoni na nepi hazikauki siku tatu, kwa hiyo Same nilijiona nimetiwa chunguni nikafunikwa. Mume wangu, Yoeli, alikuwa dresa kwenye kliniki ya wazazi na watoto. Kila asubuhi nilimpigia pasi ya mkaa kaptura yake ya kaki mpaka ikakaribia kusimama yenyewe. Alikuwa na saa ya mkononi, na nadhani aliipenda kuliko alivyonipenda mimi. Tulipokula makande, yeye mezani na mimi kwenye kigoda, aliivua akaiweka kando ya sahani, na akishanawa aliniambia amekula kwa dakika ngapi. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu angekuwa mbaya ningemchukia mara moja nikamaliza. Hakunipiga hata siku moja, hakugusa pombe, na mshahara ulifika nyumbani. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: aliamini kwamba lolote lililoandikwa kwa Kiingereza linajua kuliko mtu aliye mbele yake.

Siku ya kliniki ilikuwa Jumatano. Sista alikuwa Mzungu, mrefu, kijana bado, hana mtoto. Yeye simchukii sana. Alikuja na alichofundishwa kwao, kama mtu anayesafiri na koti la baridi akashukia Same. Alisema, Yoeli akatafsiri, nasi akina mama tukakaa kwenye mabenchi tukaitikia ndiyo. Mtoto anyonye saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku, basi. Katikati ya hapo asipewe titi hata akilia. Alazwe peke yake na mlango ufungwe. Asibebwe mgongoni, maana mgongo unamharibu tabia. Akilia aachwe, mapafu yanapanuka. Ukimchukua akiwa analia, umeshamfundisha kwamba kilio kina faida, na hutalala tena maisha yako. Akina mama wa Kihurio na Ndungu, waliokuwa safarini tangu jana wakiwa na watoto mgongoni, waliitikia ndiyo, wakapimiwa watoto, wakawafunga mgongoni tena wakaenda zao. Wao walikuwa na akili. Mimi nilikuwa mke wa dresa. Jioni ile Yoeli alirudi na chati, akaigongomea ukutani juu ya kitanda, akaniambia Sista anataka nyumba ya dresa iwe mfano kwa wengine. Binti yetu Nakijwa alikuwa na miezi miwili. Hata shingo yake alikuwa hajaweza kuishika.

Sitaki kuandika habari za usiku. Usiku kila mtoto analia na kila mama anachoka, hilo halina mwenyewe. Ninachokikumbuka mimi ni mchana. Saa sita, jua la utosi, Nakijwa ananyanyua mdomo wake kutafuta titi, na chati inasema bado saa mbili. Namlaza kitandani, nafunga mlango, nakaa kizingitini na ungo wa maharage. Anaanza. Kwanza analia kidogo, kama anayeuliza. Kisha kwa hasira. Kisha kwa namna ambayo mpaka leo nikiisikia kwa mtoto wa mtu barabarani nasimama. Maziwa yanatoka yenyewe, gauni linalowa kifuani, nami nachambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Mke wa karani, jirani yetu, alikuwa akianika nguo upande wa pili wa uzio, nikamsikia akimwambia mwenzake kwamba kwa dresa wanamfundisha mtoto Uzungu, tutaona nani atachoka kwanza. Wakacheka. Yoeli akiwepo mchana alisimama mlangoni na saa yake akinitajia dakika. Siku moja nilinyanyuka niende, akanishika mkono, kwa upole, akaniambia, "Mama Nakijwa, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Mithali ya wazee wetu ikatumika kunizuia nisimnyonyeshe mtoto wangu. Nikakaa. Hilo la kukaa sijajisamehe.

Baada ya wiki kama tano aliacha kulia. Ilitokea tu, mchana mmoja: nilimlaza, nikafunga mlango, nikakaa, kukawa kimya. Nilingoja, kimya. Yoeli aliporudi nilimwambia, naye alifurahi mpaka akanishika mabega, akasema ameshafundishika, na Jumatano akamweleza Sista. Na mimi nilifurahi. Ni lazima niandike hilo pia. Nilifurahi kwa sababu masikio yangu yalipumzika, na kwa sababu mume wangu alinisifu mbele za watu. Maziwa yalikuwa yamepungua, nikadhani ni kawaida, kwamba na yenyewe yameshika ratiba. Nakijwa alikuwa akilala, akiamka anatazama bati. Ukimpa titi ananyonya kidogo anasinzia. Mikono yake ilikuwa imeanza kuwa na mikunjo, si ile ya unono, ile ya ngozi iliyozidi. Kwenye mzani wa kliniki sindano ilirudi nyuma, na aliyeisoma na kuandika alikuwa baba yake mwenyewe. Aliniambia mtoto anarefuka, kwa hiyo unene unahamia kwenye urefu. Alisema hivyo mtu aliyesomea kazi. Nami nilimwamini, maana mimi nilisomea wapi?

Mama yangu alikuja bila kuagiza. Alishuka kutoka Chome kwa miguu mpaka Makanya, akapanda treni, akatokea mlangoni kwetu saa saba mchana na mkungu wa ndizi kichwani na samli kwenye kibuyu. Mama hakujua Kiswahili zaidi ya salamu na majina ya vitu vya dukani. Maneno yake yote humu aliyasema kwa Kichasu, nami nayaweka kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza. Alikuwa hajamwona mjukuu wake tangu siku za uzazi. Yoeli alikuwepo, amekaa chumba cha mbele, kwa hiyo mama akakaa karibu na mlango wa nje, akageukia ukuta, akashusha khanga mpaka usoni. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mkwe wa kiume na mama wa mke hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapokezani kitu mkono kwa mkono, na mama mkwe hakanyagi chumba anacholala mkwe wake, hata nyumba ikiwaka moto. Yoeli aliyeziita mila nyingine zote ujinga alikuwa akiifuata hiyo moja, maana ilimpa heshima. Wakawa wanazungumza kupitia kwangu, mimi katikati kama posta. Nilimpa mama makande. Alikula vijiko viwili akauliza mtoto yuko wapi. Nikasema amelala. Akala kijiko cha tatu.

Ndipo tukasikia. Hakikuwa kilio, Nakijwa alikuwa ameshasahau kilio. Ilikuwa sauti nyembamba ya kukwaruza, inatoka na kukatika. Mama akaweka bakuli chini. Akaniuliza, "Huyo ni nani?" Nikasema ni Nakijwa, lakini bado saa moja kasoro. Sikusema kasoro ya nini. Yoeli akavuta kiti chake akakiweka mbele ya mlango wa chumba cha kulala, akakaa, akaitazama saa, akaniagiza nimweleze mama kwamba tunamlea mtoto kwa utaratibu wa hospitali na kwamba tafadhali asihuzunike, kesho atazoea. Nikatafsiri. Mama alikaa pale ameelekea ukuta, na mimi nikaona vidole vyake vinakunja pindo la khanga na kukunjua, kukunja na kukunjua. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mke wa ukoo unaojiheshimu, hajawahi kuvunja mwiko hata wa kupita mbele ya mzee anayekula. Ile sauti ikakatika, ikarudi, ikakatika. Nasema mbele za Mungu kwamba mimi, mama yake mzazi, nilibaki nimekaa kwenye kigoda.

Mama akasimama. Akajifunika uso wote, akaenda moja kwa moja kwa Yoeli, na Yoeli, badala ya kumzuia, akaruka kutoka kwenye kiti ili asiguswe na mama mkwe wake. Mama akafungua mlango akaingia chumbani kwa mkwe, akapita kitanda cha mkwe, akamchukua mtoto. Alipotoka alikuwa amefunua uso. Alimfungua Nakijwa nepi, akamshika paja kwa vidole viwili, akaniuliza, "Ameacha kulia tangu lini?" Nikasema wiki tatu hivi, ameshafundishika. Akaniambia, "Huyu hajafundishika kulala. Huyu amekata tamaa." Halafu akamfunga mgongoni kwa mbeleko yake mwenyewe, ile iliyonibeba mimi, akachukua fimbo yake akatoka nje. Yoeli alikuwa amesimama kwenye kona ya chumba cha mbele, kijasho kinamtoka. Neno alilosema, la kwanza kabisa, mtoto wake akiwa mgongoni kwa mtu anaondoka, lilikuwa hili: "Ameingia chumbani kwangu." Nilichukua khanga moja nikamfuata mama. Sikuaga. Hilo ndilo jambo la pekee nililolifanya vizuri mwaka ule.

Tulifika Chome kesho yake jioni, miguu imevimba. Nyumbani kwa mama palikuwa na chumba kimoja chenye moto katikati, na moshi, na harufu ya mahindi yaliyotundikwa juu ya jiko. Nilitegemea mama ataanza kufundisha chake. Hakufundisha kitu. Kwa mwezi mzima kazi yangu ilikuwa kula na kunyonyesha. Alinipikia uji wenye samli, makande yaliyochemka usiku kucha, mchuzi wa kuku ambao majirani walituletea kwa zamu kana kwamba nimejifungua jana. Nakijwa alilala mgongoni, mapajani, kifuani, popote, na kila alipofungua mdomo alipewa. Wiki ya kwanza hakulia. Wiki ya pili, asubuhi moja nikiwa nasonga ugali, alipiga kelele moja kali ya hasira, uso umemwiva, na mama akaacha jembe shambani akaja mbio anacheka, machozi yanamtoka, akaniambia sasa mtoto amerudi. Nilimuuliza ataharibika tabia? Akasema mtoto ambaye hajaweza kushika shingo yake huwezi kumfundisha kitu, zaidi ya kwamba upo.

Nakijwa alipotimiza miezi mitano, anashika shingo, anajigeuza, ananyonya mpaka anapumua kwa nguvu, ndipo mama akasema sasa. Na haya nayaandika kwa ukamilifu, kwa sababu ni yake. Alisema kwanza umwangalie, usiangalie jua wala saa. Akianza kugeuza uso asitake mwanga, akisugua jicho, akivuta sikio, usingizi umebisha hodi; ukichelewa kuufungulia unapita, na mtoto aliyepitwa na usingizi ni mkali kuliko mwenye njaa. Umwogeshe maji ya uvuguvugu, umpake mafuta, umnyonyeshe, lakini asilalie titi. Umuweke chini macho yakiwa yamelegea, hayajafunga, ili akishtuka baadaye ajikute pale alipolalia. Uweke mkono kifuani pake uimbe wimbo mmoja, uleule kila siku, hata kama umeuchoka. Siku tatu za mwanzo mkono ukae mpaka alale. Siku zinazofuata uuondoe kabla hajalala, ukae karibu. Kisha sogea. Kisha kaa mlangoni upukuchue mahindi, asikie mikono yako. Akinung'unika, ngoja kidogo, huyo anabishana na usingizi wake. Akiita, nenda. Nilimuuliza nitajuaje tofauti, akasema kama nina masikio nitajua, na kama sina hakuna atakayenisaidia. Alisema ni kama ndiva yetu pale juu, bwawa la kumwagilia: ukifungua maji yote kwa mara moja unabomoa mfereji na mashamba ya chini yanabaki makavu. Ilichukua karibu mwezi. Kuna siku alirudi nyuma, alipoota jino, na mama akarudisha mkono kifuani bila kuona amepoteza kitu. Mwisho wake Nakijwa alikuwa anawekwa kwenye ngozi yake ya kulalia mchana, anacheza na vidole vyake, anajiimbia, analala. Mimi niko mlangoni napukuchua mahindi. Hakuna aliyefunga mlango.

Yoeli alikuja kutuchukua mwishoni mwa mavuno, na wazee wawili wa ukoo wake. Nilidhani wamekuja kuomba msamaha, mjinga mimi. Walikaa uani, wakapewa dengelua, pombe yetu ya miwa, wakanywa, yeye akakataa, na mzee mmoja akaeleza kwamba mama mkwe aliingia chumba cha mkwe wake, akatoka uso wazi, na jambo hilo lisiposafishwa nyumba ya kijana haitakuwa na baraka. Ndiyo. Mtu aliyetuambia kumbeba mtoto mgongoni ni ushenzi alikuwa amepanda mlima mzima kudai mbuzi wa mila. Nilitaka kusema. Baba mdogo wangu akanitazama nikanyamaza. Mama, akiwa ndani nyuma ya ukuta, akajibu kwamba ni kweli aliingia, hakatai, na mbuzi achukuliwe yule mwekundu. Hakusema kwa nini aliingia. Hakuna mtu uani aliyeuliza. Wakamchinja pale pale, na paja likapelekwa kwa Yoeli kwenye sahani, akala. Siku hiyo ndiyo ningepaswa kuondoka kwake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mtoto mmoja, ningekwenda wapi?

Lakini akiwa bado ananawa mikono, Nakijwa alianza kuvuta sikio, nami nikafanya kama siku zote: nikamwogesha, nikamnyonyesha, nikamlaza kwenye ngozi barazani macho yamelegea, nikakaa mlangoni na mahindi yangu. Akajiimbia, akalala. Yoeli alikuwa anatazama. Alikuja akachuchumaa karibu yangu, na kwa mara ya kwanza tangu anioe aliniuliza jambo ambalo yeye halijui. "Mama Nakijwa, mmefanyaje?" Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia shingo mpaka wimbo, nikamwambia na la ndiva, na nilivyokuwa nazungumza nilikuwa na furaha kama bibi harusi, kwa sababu mume wangu alikuwa ananisikiliza. Akatoa kijitabu mfukoni akaandika. Nilipomaliza aliniomba nirudie la kusogea kidogo kidogo.

Tukarudi Same. Mama alinisindikiza kubeba mizigo, na kwa kuwa ilikuwa Jumatano tulipita kliniki moja kwa moja kutoka stesheni, Nakijwa akiwa mgongoni kwa bibi yake. Sista alimpima, akashangaa, akampima tena. Akamuuliza Yoeli jambo kwa Kiingereza, Yoeli akajibu kwa Kiingereza, maneno mengi, mkono wake ukionyesha kile kijitabu. Sista akafurahi, akamwambia asimame awaeleze akina mama. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Mama alikuwa amekaa mwisho wa benchi letu, amefunga tena mtoto mgongoni, amegeukia ukuta na khanga usoni kwa sababu mkwe wake alikuwa mbele. Na Yoeli akaanza, kwa Kiswahili kizuri cha kliniki: msiangalie saa, mwangalieni mtoto. Akisugua jicho. Akivuta sikio. Mkono kifuani. Wimbo mmoja. Akafika kwenye ndiva, na wanawake wakacheka kwa kuelewa, maana kila mmoja anajua mfereji uliobomoka. Mwanamke mmoja wa Kihurio akamuuliza haya ameyajifunza wapi. Nilimtazama Yoeli, na yeye alinitazama, tena hakukwepa. Akasema, "Nimemchunguza mwanangu mwenyewe."

Mama akanigusa goti. Aliona watu wamenyamaza wanasikiliza, aliona heshima aliyopewa mkwe wake, na hakuwa ameelewa kitu zaidi ya neno ndiva. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mkwe wangu anawafundisha nini?" Nilikuwa na jibu mdomoni. Lingetosha kwa maneno matatu ya Kichasu, na nusu ya benchi wangelisikia. Nikamwona Sista anatabasamu. Nikaiona kota, na kaptura ya kaki, na mtoto asiye na baba. Nikamwambia mama, "Anasema tuchemshe maji ya kunywa." Mama alikufa miaka mingi baadaye na sikuwahi kumwambia tofauti, na watu wakinisifu kwamba niliishi na mume wangu kwa amani miaka yote ile, amani yenyewe ni hiyo. Mama aliitika kwa kichwa. Alisema ni jambo la maana, maji yanaua watu, na kwamba nisiwe na kinyongo, mkwe wake ana akili. Wanawake walipopiga makofi naye akapiga, ameelekea ukutani, Nakijwa amelala mgongoni kwake.